Umeme wa Ruzizi

Burundi haina mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Makaa tunayoyajua mtaani kwetu Kinindo ni ya gunia, ya kuchemshia maharage. Umeme wetu kwa sehemu kubwa ni wa maji, na mzee wa vituo vyake ni Ruzizi ya Kwanza, mpakani mwa Kongo na Rwanda, mto unapotoka Ziwa Kivu. Wabelgiji walikijenga kituo hicho mwishoni mwa miaka ya 1950, mji wetu wa Bujumbura ukiitwa Usumbura. Uwezo wake ni megawati 30 hivi.

Utotoni sikujua hayo. Nilijua tu kwamba radi ikianza kunguruma upande wa uwanda wa Imbo, mama anachomoa friji kabla hajafunga madirisha. Taa zikizimika, mtaa mzima ulipiga kelele. Zikirudi, kelele zaidi. Vituo viliongezeka tukiwa bado watoto: Mugere, kusini tu mwa mji, mwaka 1982, Rwegura, megawati 18, mwaka 1986, kisha Ruzizi ya Pili mwaka 1989, mali ya Burundi, Rwanda na Kongo. Wazee wakasema shida imekwisha.

Wapi! Maji ya Rwegura yalipopungua, ukaja mgao, na jenereta zikaingia nyuma ya kila ukuta wenye uwezo. Kinindo uwezo haukukosekana, basi jioni ikawa huwezi kusikia hata habari za redio. Ilipofika 2017 mji wenyewe ukawa unategemea mtambo wa dizeli wa megawati 30. Halafu mafuta nayo yakaadimika.

Lakini kinachonichekesha kwa uchungu ni chupa. Mvua husomba plastiki za Bukavu hadi ziwani, mkondo ukazipeleka hadi Ruzizi ya Kwanza, na wapiga mbizi hushuka kuzitoa kwa mikono. Mwanzoni mwa 2022 taka hizo ziliharibu mtambo mmoja. Chuma kilichomaliza miaka sitini kinaangushwa na chupa ya soda ya juzi!

Maji yakishazungusha mitambo hiyo huteremka uwandani hadi Ziwa Tanganyika, upande wa Gatumba. Mwaka 2021 ziwa lilifura likaingia nyumba za Kibenga, majirani zetu. Maji hayo yalifika bila mgao.

Jirani yangu ameuza jenereta, ameweka paneli mbili za jua juu ya bati. Simu zinachajiwa, taa zinawaka. Friji bado inaisubiri Ruzizi.