Bukavu: Alimentasio ilihukumiwa bure, kosa lilikuwa vumbi

Katika kibanda kimoja cha kuchapa maandishi, kule Kadutu, kompyuta moja ndiyo inayolisha jamaa nzima. Kiangazi hiki ilianza kuzimika yenyewe, kila mara baada ya dakika 20 hivi za kazi. Siku moja mwanafunzi alikuwa ameketi pale, kurasa 40 za kazi yake ya mwisho wa masomo bado hazijachapwa, na siku ya kuitoa ni kesho yake.

“Papa, sasa nitafanya nini?” aliuliza. Mwenye kibanda alikosa jibu, akamwita fundi.

Mashine hiyo inatumia Linux. Fundi akaingiza programu ya lm-sensors, akaendesha amri ya sensors-detect ili itafute vipimo vilivyomo kwenye ubao mama, kisha akaandika sensors. Zikatokea namba za volti, joto na mwendo wa feni. Lakini hakukuwa na mstari hata mmoja uliofika volti 12.

“Papa, alimentasio imekufa. Tafuteni dola.”

Mwenye kibanda hakukubali haraka. Kama volti 12 hazipo, mashine inawaka namna gani? Wakaizima, wakaiwasha tena na kuingia BIOS. Pale iliandikwa 12.096, namba nzuri kabisa, maana inayokubalika ni kati ya 11.4 na 12.6.

Ndipo fundi alipoelewa. Kipimo cha kwenye ubao hakiwezi kupokea volti 12 moja kwa moja. Mtengenezaji huzigawanya kwanza, kila mmoja kwa kiasi chake, na programu haijui kiasi hicho mpaka iambiwe. Mstari ulioitwa in4 ulionyesha 2.016. Ukizidisha mara 6, unapata 12.096. Akaandika faili ndani ya /etc/sensors.d: jina la mstari, na neno compute pamoja na hesabu hiyo. Mistari isiyounganishwa na kitu akaificha kwa ignore.

Volti zikiwa zimeeleweka, wakatazama joto huku mashine ikifanya kazi. Digrii 60, kisha 80, kisha 97. Mpaka wa hatari kwenye mstari uleule ulikuwa 100. Mashine ikazimika mbele ya macho yao.

Walipoifungua, vumbi la kiangazi lilikuwa limeziba kabisa chini ya feni, na ile dawa nyeupe ya kupitisha joto ilikuwa imekauka kama chokaa. Wakasafisha, wakapaka mpya. Joto likabaki 58.

Mwanafunzi alimaliza kurasa zake usiku huohuo. Dola za alimentasio hazikutoka mfukoni. Sasa ukutani pale pamebandikwa karatasi: “Volti 12: toka 11.4 mpaka 12.6. Joto likipita 80, simamisha kazi, toa vumbi.”