Jamaa wa Bajaji na Kaseti ya Dokta Remmy

Ukipanda bajaji pale Jamatini ukakuta dereva kavaa kofia ya sufi wakati jua la Dodoma linachoma, jua utasikiliza Remmy Ongala mpaka unashuka. Hakuna mjadala. Madenti wa UDOM humwomba aweke singeli au amapiano, jamaa anacheka tu, anaongeza sauti.

Ana miaka 38 na flashi yake ina msanii mmoja. Kwa wadogo zetu ambao Remmy kwao ni jina la kituo cha daladala kule Dar, Sinza kwa Remmy, huyo ndiye mwenyewe. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy, halafu akatamba na Super Matimila. Rasta ndefu, na mwenyewe akijiita mwenye sura mbaya kabla hujamwita wewe. Inasemwa alizaliwa na meno tayari, mganga akamwambia mama yake asimnyoe. Marekani wana Alice Cooper anayepanda jukwaani na nyoka shingoni ili watu washtuke. Remmy hakuhitaji nyoka, alikuwa anafungua mdomo tu.

Jamaa ana msimamo wake kuhusu albamu, na ukimbishia nauli inaweza kupanda. Ya kwanza kwake ni Nalilia Mwana ya 1988, ile iliyotolewa na WOMAD ya Uingereza ikiwa na nyimbo zilizorekodiwa hapa hapa nyumbani. Humo kuna Sika ya Kufa, Ndumila Kuwili, Mnyonge Hana Haki. Anasema albamu ile ina vumbi. Magitaa yanagombana kama watu wa nyumba moja, halafu katikati ya wimbo yanapatana na huwezi kukaa umetulia.

Songs for the Poor Man ya 1989, iliyotoka Real World, studio ya Peter Gabriel, anaiheshimu lakini anasema imepigwa pasi. Safi mno. Isipokuwa Kipenda Roho, hapo anafunga mdomo na kuendesha polepole, hata kama una haraka.

Mambo ya 1992 ndiyo inayomgawa. Inaanza na wimbo unaoitwa Dodoma, na kwa mtoto wa Chang'ombe hiyo peke yake ni sababu ya kununua. Jina la mji wako kwenye CD inayouzwa London, halafu huku watu wanakuita unatoka jangwani! Lakini humo Dokta kaimba na Kiingereza, na jamaa hapendi. Anasema Remmy akiimba Kiingereza anakuwa mgeni, anakuwa na adabu. Na Remmy mwenye adabu wa nini? Ukweli ana hoja, ingawa No Money, No Life haihitaji mkalimani kwa mtu anayelipa hesabu ya bosi kila jioni.

Sasa kuna wimbo mmoja haumo kwenye albamu hizo tatu. Kwenye flashi upo ila abiria hawausikii. Ni Mambo kwa Soksi.

Soksi ni kondomu. Ukimwi uligundulika hapa nchini mwaka 1983 kule Kagera, na miaka ilivyokwenda watu wakawa wanazika huku wanasema ni kifua, ni kurogwa, ni malaria. Dokta akasimama na kuimba waziwazi watu wavae soksi. Radio Tanzania ikagoma kuupiga, na enzi hizo ukigomewa na RTD ulikuwa huna pengine pa kwenda. Ukatembea kwa kaseti na kwenye kumbi. Yaani wimbo wa kuokoa watu ndio ulioonekana matusi.

Kaseti moja ilifika Chang'ombe. Baba yake jamaa alikuwa utingo wa lori la Dar kwenda Tabora, na kila akirudi alikuja na mkate, sukari na kaseti. Hiyo aliipiga sana. Jamaa anamkumbuka mshua akicheza uani, kafunga taulo, anaimba soksi, soksi, na watoto wanaruka ruka naye wakidhani ni soksi za shule. Majirani walicheka mpaka machozi.

Mwaka 1996 mshua akafa. Nyumbani ilisemwa kifua kikuu. Jamaa alikuwa na miaka tisa. Alikuja kuunganisha mambo mwenyewe akiwa sekondari, kwenye somo la baiolojia, na siku hiyo aliondoka darasani bila ruhusa. Kilichomuuma, na kinamuuma hadi leo, ni kwamba mshua aliujua ule wimbo neno kwa neno.

Mama yake alipookoka aliagiza kaseti zote za kidunia zichomwe. Jamaa akaificha hiyo moja ndani ya kihenge cha mtama. Baadaye Dokta mwenyewe naye akaokoka, akakata rasta, akaimba injili mpaka alipofariki Desemba 2010. Bi mkubwa hakukawia: unaona, hata yeye aliacha. Jamaa alimjibu kwamba aliacha rasta, wimbo ulishatoka. Hawakuongea siku mbili.

Mwaka jana alikuwa anampeleka mama kliniki ya presha. Flashi ikachagua yenyewe, kama zinavyofanya hizi za Kichina, na ukaingia ule wimbo. Akanyoosha mkono haraka kuzima.

"Acha," mama akasema kutoka kiti cha nyuma.

Akaacha. Wakapita Majengo, wakapita wauza zabibu, hakuna aliyesema kitu. Kisha mama akasema, "Baba yako alikuwa anakosea pale mwanzoni. Kila siku anakosea pale pale." Na akauimba ule mstari, kwa sauti ndogo, kwa usahihi.

Walipofika getini wimbo ulikuwa bado, si unajua nyimbo za Dokta zilivyo ndefu. Bajaji za nyuma zikaanza kupiga honi. Jamaa akawaonyesha mkono wasubiri, na wakakaa humo ndani mpaka ulipoisha.