Vespa ya Marehemu na Haki ya Mnunuzi

Miongoni mwa vitu alivyotuachia baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ilikuwamo Vespa aina ya PX, rangi ya maziwa. Deni dogo alilokuwa nalo tulikwisha kulilipa, wasia hakuacha, na warithi tulikuwa sita: mama, wanaume wawili na wanawake watatu, wa mwisho akiwa bado hajabaleghe. Hesabu ilikuwa nyepesi. Mama thumni yake, na katika thumni saba zilizobaki kila mwanamume mbili na kila mwanamke moja. Lakini pikipiki haikatwi mafungu manane. Ikabidi iuzwe.

Wasomaji wa Unguja hawahitaji kuelezwa Vespa ni nini. Kwa wengine tuseme kwamba ilianza kuundwa mwaka 1946 na kampuni ya Piaggio katika mji wa Pontedera, Italia, kwa mchoro wa Corradino D'Ascanio, aliyekuwa mhandisi wa ndege, na kwamba jina lake kwa Kitaliano ni nyigu. PX ilitoka mwaka 1977 na umbo lake halikubadilika sana tangu hapo. Ndiyo maana hata iliyoundwa miaka ya karibuni huonekana kama ya zama za babu zetu, na wapo wanaoitafuta kwa sura hiyo tu. Lililotushughulisha sisi ni jambo jingine katika muundo wake. Pikipiki nyingi hujengwa juu ya fremu ya mabomba. Vespa haina mabomba hayo: bodi lake la bati la chuma ndilo fremu yenyewe. Bodi likipata ufa, huo ni mfupa uliovunjika, si pambo lililochubuka.

Baba aliitunza Vespa ile kama watu wanavyotunza saa ya ukutani. Alikuwa na daftari aliloandika kila kitu: plagi mpya, waya wa klachi, breki shuu, tairi la akiba, tarehe na bei. Akitoka pwani huiosha kwa maji ya mfereji kabla hajaingia ndani, kwa kuihofia chumvi. Oili ya kuchanganya na petroli aliipima kwa kikombe, hakukisia hata siku moja. Na katika ukurasa mmoja aliandika, kwa mwandiko ule ule uliotulia, kwamba sakafu imepata ufa kando ya pedeli ya breki, imechomelewa na kupigwa rangi upya.

Mnunuzi alikuwa kijana anayesomesha skuli ya shamba, mwenye mke na mtoto mchanga. Alikuja na fundi wake. Fundi akaiwasha kwa kiki moja, akajaribu gia zote nne, akachungulia magurudumu, akaridhika. Ufa hakuuona, kwa kuwa kazi ya rangi ilikuwa nzuri. Bei ikasimama shilingi 2,800,000, nao wakaahidi kurudi kesho na fedha.

Usiku ule hatukukubaliana. Mmoja wetu aliona kwamba mnunuzi amekuja na mjuzi wake, amekagua kwa macho yake, na tukimwambia tu kuwa tunauza kama kilivyo, basi dhima imetutoka. Akaongeza hoja nzito zaidi: ndani ya fedha hizi mna fungu la yatima, nasi tuna haki gani ya kulipunguza kwa ukarimu wetu? Hoja hiyo haikuwa ya ulafi. Mali ya yatima imewekewa onyo kali katika Suratun-Nisaa, na kila mmoja wetu aliliogopa.

Mama, aliyekuwa bado eda, ndiye aliyesema tumuulize sheikh wa msikiti wetu. Sheikh alitusimulia habari iliyomo katika Muwatta ya Imam Malik. Abdullah bin Umar aliuza mtumwa kwa dirhamu 800, kwa sharti kwamba hahusiki na aibu yoyote. Mnunuzi akaja kudai kuwa mtumwa ana maradhi ambayo hakutajiwa. Wakafika kwa Uthman bin Affan, naye akahukumu Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuwa akiijua aibu hiyo. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa wake, na baadaye akamuuza kwa 1,500.

Kisha sheikh akatuuliza swali moja: je, sisi tungeweza kuapa? Daftari lilikuwa mezani.

Kuhusu yatima alisema kwamba tusichanganye mambo mawili. Kumuuzia mtu kwa hisani chini ya thamani, hilo haturuhusiwi katika fungu la mtoto. Na hapo alikuwa akimjibu ami yetu, aliyetaka apewe Vespa kwa 1,500,000 ibaki kuwa kumbukumbu ya nduguye. Watu wazima wanaweza kusamehe mafungu yao, la mtoto halisamehewi na mtu. Ama bei ya chombo chenye ufa uliochomelewa, hiyo ndiyo thamani yake. Kilichozidi juu ya hapo hakikuwa mali ya yatima tangu mwanzo. Isitoshe, mwenye kununua kitu chenye aibu iliyofichwa ana haki ya kukirudisha. Tungemwekea mtoto fedha ambazo zinaweza kudaiwa siku yoyote.

Siku ya pili tulimwonesha kijana ule ukurasa. Alikaa kimya, akamtazama fundi wake, na kwa kweli tulidhani ataondoka. Fundi akalala chini, akakwangua rangi kidogo kwa msumari, akasema uchomeleaji ni imara ila mahali hapo paangaliwe kila mwaka, na mizigo isizidishwe. Tukaita fundi wa pili athamini. Bei ikatua 2,400,000.

Kila fungu likatoka 350,000 likawa 300,000. Ami alinuna kwa muda, kisha akaja mwenyewe kuiaga Vespa. Fungu la mdogo wetu lilikabidhiwa mama kwa idhini ya Kadhi, kwa maandishi.

Kijana aliomba apewe na daftari. Hilo hatukuliuza, tulimnakilia kurasa zote, na ule wa ufa ukiwamo.