Mimea Inayokula kwa Mwenzake: Kutoka Likoni Hadi Mashamba ya Kwale

Mwenye kuvuka kivuko cha Likoni akashika njia ya Msambweni, macho yake huvutwa na bahari na minazi. Safari hii tuliazimia kutazama kando ya njia, tuijue mimea isiyojitegemea, ile ipenyezayo vinyonyeo ndani ya mmea mwingine ikala kwa jasho la mwenziwe. Tulikuta aina tatu, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza imo katika vichaka vya mchangani, karibu na ufuo. Ni mlangamia: nyuzi za kijani na manjano zisizo na majani, zimetanda juu ya vichaka mithili ya wavu ulioanikwa. Mbegu yake huota ardhini kama mbegu yoyote, lakini uzi ukishampata wa kumshika, mzizi hufa na mmea ukabaki kuishi juu kwa juu. Ajabu ni kwamba ukoo wake ni mmoja na mdalasini tuutiao katika pilau.

Mbele kidogo, juu ya mikorosho na miembe, tuliona vishada vya majani yasiyofanana na ya mti wenyewe. Hicho ni kirukia. Chakula hujipikia chenyewe kwa jua, kwa kuwa kina majani mabichi. Kinachoiba ni maji na chumvichumvi za ardhini. Ndege hula matunda yake, kisha huziacha mbegu zake zenye kunata juu ya tawi jingine. Tawi lililovamiwa hudhoofika, na pengine hukauka. Kuyapukusa majani hakutoshi, maana kinyonyeo kimo ndani ya mti. Hukatwa tawi lenyewe, nyuma ya pale kilipojishikiza.

Ya tatu ndiyo iliyotuhuzunisha. Katika mashamba ya mahindi ya bara kidogo huchomoza gugu dogo lenye maua mekundu ya kupendeza. Jina lake la kitaalamu ni Striga, na ndugu zetu wa Tanzania huliita kiduha. Gugu moja hutoa maelfu ya mbegu laini kama vumbi, nazo huweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Mizizi ya mahindi ikipita karibu, hutoa kemikali inayoziamsha. Madhara mengi hutendeka chini ya ardhi kabla gugu halijaonekana. Mkulima huona mahindi yamedumaa na kunyauka, ilhali mvua imenyesha.

Waingereza waliliita gugu la uchawi. Hapa pwani, ambako wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, neno hilo si la mzaha. Shamba likidumaa, asitafutwe jirani wa kulaumiwa. Yachunguzwe mashina ya mahindi.

Dawa yake ni kazi na subira. Gugu ling'olewe kabla halijatoa mbegu, wala lisiachwe shambani. Mbegu za kupanda zisichukuliwe katika shamba lililoambukizwa. Tena zipandwe kunde, kwa zamu au pamoja na mahindi: mizizi yake huziamsha mbegu za gugu hili, lakini zisipate pa kunyonya, zikafa. Wazee wetu walichanganya mahindi na kunde tangu zamani. Walio na mashamba wasiuache utaratibu huo msimu huu.