Kasri Lililozaliwa Zee

Ukiliona kwa mbali, Kasri la Penrhyn utaapa lina miaka mia tisa. Liko karibu na Bangor, kaskazini mwa Wales, kati ya milima na bahari, na kuta zake ni nene utadhani zinangoja jeshi. Kumbe halijawahi kupigana vita hata siku moja. Ujenzi ulianza mnamo 1820, chini ya msanifu Thomas Hopper, aliyeiga majengo ya Wanormani walioivamia Uingereza mwaka wa 1066. Mnara mkuu aliuiga ule wa Hedingham, kule Essex, ambao ni wa karne ya 12 kweli.

Sitaficha, lilinivutia. Ngazi kuu, hasa, si mchezo: mawe yamechongwa kila mahali, na nyuso za ajabu zinakutolea macho ukipanda.

Lakini mtu akijijengea ukale, mimi huuliza pesa zilitoka wapi. George Hay Dawkins-Pennant, mwenye kasri, alirithi mashamba ya miwa Jamaica kutoka kwa Richard Pennant, mbunge aliyeitetea biashara ya watumwa Bungeni. Utumwa ulipofutwa, serikali ya Uingereza iliwalipa fidia wenye watumwa. Yeye alipata zaidi ya pauni 14,600 kwa watu 764. Hao 764 je? Hawakupata hata peni. Sheria ile ile iliwataka waliotoka mashambani waendelee kumtumikia bwana kwa miaka kadhaa, ati wakijifunza uhuru.

Pesa nyingine zilitoka mlimani, kwenye machimbo ya sleti, lile jiwe la kuezekea paa. Ndani ya kasri kuna kitanda kilichochongwa kwa sleti, chenye uzito wa tani moja. Malkia Victoria alipozuru mwaka wa 1859, husemwa alikataa kukilalia kwa sababu kilimkumbusha kaburi. Watalii hucheka wakisikia hivyo. Mimi nilikuwa nawaza waliolichimba jiwe lenyewe. Novemba 1900 karibu wachimbaji 2,800 walianza mgomo, wakidai chama chao kitambuliwe. Bwana wa kasri akakataa. Miaka mitatu! Wengine walihamia migodi ya makaa ya mawe kusini, wengine wakarudi kazini na majirani wakaacha kuwasalimu. Mgomo uliisha 1903, na wachimbaji walishindwa.

Tangu 1951 kasri liko chini ya National Trust, na mtu yeyote mwenye tiketi huingia. Mama mwenye nyumba niliyolala ni mzaliwa wa Bethesda, mji wa wachimbaji hao. Asubuhi alinielekeza njia vizuri, hadi kituo cha basi. Nikamuuliza yeye anapenda chumba gani kule ndani.

“Sijawahi kuingia,” akasema, akageuza mayai kwenye kikaango.