Nywele Zangu Nyepesi na Uzi wa Bibi

Jamani, nywele zangu ni nyepesi, zinalala kichwani utadhani zimemwagiwa maji. Mwaka jana msusi mmoja alinivuta rasta mpaka za mbele zikanyonyoka, nikawa navaa kilemba hadi ndani. Sasa kesho yake mchumba anakuja kujitambulisha, usiku mimi nalia tu.

Bibi akasema, kaa chini. Akaniosha, zikakauka kidogo, akapaka mafuta ya nazi kiduchu (ukizidisha zinalala tena), akagawa mafungu, akazungushia uzi mweusi toka shinani mpaka nchani, bila kuvuta. Nikalala nazo. Asubuhi tukafungua, chanuo likapita shinani tu, zikasimama! Pale mbele akapafunika na za katikati.

Mchumba kaniuliza eti wigi nimenunua bei gani.