Nilidhani ni Mshipi wa Samaki

Gitaa la kwaya ya kigango chetu, hapa Hanga, halikuvunjwa na kijana aliyetajwa kuwa amelivunja. Nililivunja mimi, nikalirudisha kabatini, nikanyamaza. Lawama zilisemwa mbele ya watu, kwa hiyo nami naungama mbele ya watu. Ya kwenye kitubio nilishayamaliza. Padre alinipa malipizi nikayatimiza, ila malipizi yale hayakumrudishia mtu mahindi yake, na habari ya mahindi nitaifikia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwenye kwaya naimba sauti ya tatu na solfa naisoma bila kubabaika. Nilipovuka miaka arobaini nikashikwa na hamu ya gitaa, na wa kulaumiwa kwanza ni Mbaraka Mwinshehe. Marehemu alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, akiwa na miaka thelathini na kitu tu. Mimi nimemjua kupitia redio, katika vipindi vya zilipendwa. Lile gitaa lake la solo linaingia baada ya waimbaji kunyamaza, linazungumza kwa ukali na upole kwa pamoja, na kila nikilisikia najiambia kwamba hata mimi ningeweza kidogo. Wanaume wengi wa rika langu wanajiambia hivyo. Wengi wana busara ya kuishia hapo.

Kwaya yetu inategemea kinanda na ngoma. Gitaa lilikuwa moja, la zamani, limeachwa na mgeni aliyepita kitambo, na aliyelijua alikuwa kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne. Nilimfundisha huyo kusoma na kuandika. Sasa kila Jumamosi kabla ya mazoezi alikuwa ananifundisha yeye, na kazi hiyo ilimpa tabu kuliko ilivyonipa mimi, maana kila kosa langu alilitanguliza na samahani. "Samahani mwalimu, kidole gumba kisilale." "Samahani mwalimu, hiyo ni kodi ya C, tunataka F." Alikuwa anafuata namna ya zamani ya kupiga kwa vidole viwili, ile aliyoipiga Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952: kidole gumba kinashika besi bila kupumzika, cha shahada kinatembea na wimbo juu yake. Ukisikiliza utadhani wapigaji ni wawili.

Shida ya kujifunza ukubwani sikuambiwa na mtu. Mtoto akicharaza ovyo hajui kwamba ni ovyo, anafurahi, anaendelea. Mtu mzima sikio lake limeshakula muziki wa miaka mingi, linajua kabisa sauti inayotakiwa, wakati vidole havijui lolote. Kwa hiyo kila siku unajisikia ukishindwa, na kushindwa huko unakusikia waziwazi. Ncha za vidole zinawaka moto kabla hazijaota sugu. Kodi ya F, ambayo kidole kimoja lazima kilale juu ya nyuzi zaidi ya moja na kuzikandamiza zote, ilinitoa jasho wiki kwa wiki. Katika hali hiyo mtu hutafuta wa kumlaumu. Mimi nikalitazama gitaa.

Nyuzi tatu nene zilikuwa na rangi ya madini. Tatu nyembamba zilikuwa nyeupe, laini, zinapitisha mwanga, sawasawa na mshipi wa kuvulia samaki. Nikasema moyoni: kumbe! Nyuzi za chuma zilikatika, mtu akakosa za kununua, akafunga mshipi. Ndiyo maana gitaa linatoa sauti ya kunong'ona badala ya sauti ya Mbaraka. Sikumuuliza kijana. Ningemuulizaje? Wiki nzima darasani nawaambia watoto wanyooshe mikono wakiwa hawajaelewa, halafu Jumamosi ninyooshe wangu mbele ya mwanafunzi wangu?

Leo najua nilichokuwa nakitazama. Lile lilikuwa gitaa la nyuzi za nailoni, na hakukuwa na kilichopungua. Hata zile nene zenye rangi ya madini ndani yake ni nailoni, zimeviringishiwa waya tu. Zamani nyuzi za magitaa ya aina hiyo zilitengenezwa kwa utumbo wa mnyama. Vita Kuu ya Pili ilipofanya utumbo uadimike, fundi mmoja wa New York, Albert Augustine, akajaribu nailoni, na mpigaji mashuhuri wa Hispania, Andrés Segovia, akamuunga mkono. Tangu miaka ya 1940 ndizo zimeenea. Kwa hiyo macho yangu hayakukosea sana, mshipi na uzi ule ni ndugu. Kilichokosea ni hukumu.

Nikampigia simu muuza vyombo vya muziki Kariakoo. Akaniuliza swali moja tu: gitaa lako ni la aina gani? Nikamjibu, "La kawaida." Jibu hilo ndilo kosa lenyewe, mengine yote ni watoto wake. Akanitumia kwa basi nyuzi sita za chuma.

Niliomba gitaa nikalipeleka nyumbani. Nyuzi ziliingia bila ubishi, kwa sababu kila uzi wa chuma una kipete mwishoni, na kipete kile kilinasa vizuri kwenye tundu la daraja, yaani kile kipande cha mbao kilichogundishwa kwenye ubao wa mbele. Nikakaza kwa kufuata programu ya kwenye simu mpaka kila uzi ukafika mahali pake. Sauti! Nilipiga mpaka mke wangu akaniuliza kama kesho hakuna shule.

Nyuzi sita za nailoni zikikazwa huvuta kwa uzito wa kilo 40 hivi. Za chuma huweza kupita kilo 70. Ubao wa mbele wa gitaa una unene wa milimita mbili tatu, na daraja la gitaa la nailoni linashikiliwa na gundi peke yake. Ilikuwa Oktoba, kabla ya mvua, wakati bati linawaka tangu asubuhi. Siku ya pili nikakuta daraja limenyanyuka upande wa nyuma, kadi ya simu ingepita chini yake. Hapo bado kulikuwa na nafasi ya kusema. Mimi nikalegeza nyuzi, nikadondosha supagluu, nikaweka tofali juu yake, na kesho yake nikalirudisha kabatini. Fundi aliniambia baadaye kwamba ile supagluu ilikuwa ubaya wa pili, maana ilikauka ndani ya mbao na gundi nyingine ikakataa kushika mpaka pakwanguliwe.

Jumamosi kijana alilitoa mbele ya kwaya nzima. Alizishangaa nyuzi, akaniangalia, na kwa adabu yake hakusema kitu. Akaanza kukaza. Daraja likang'oka mikononi mwake kwa kishindo na kipande cha ubao juu yake. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akasema, "Vijana hawa hawana mkono wa kutunza kitu." Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka pale. Nilifungua kinywa, na kilichotoka ni pole.

Uongozi ukaamua familia yake ichangie matengenezo. Mama yake ni mjane. Alitoa gunia la mahindi. Kijana aliacha kwaya kabla ya Noeli, akaenda Songea mjini kuendesha bodaboda. Mimi katika mwaka huohuo nilijinunulia gitaa langu, la nyuzi za chuma kwa asili yake, nikaendelea kujifunza peke yangu kwa video za kwenye simu. Katika video mojawapo mtu alieleza tofauti ya magitaa mawili, akaonya juu ya kosa lilelile nililolifanya. Niliizima kabla haijaisha.

Habari ya gunia niliisikia kwa kuchelewa, kutoka kwa mtu aliyelitaja kama mzaha. Usiku ule sikupiga gitaa. Nikaenda kwa mwenyekiti, naye akaniambia maneno haya niyaseme mbele ya kwaya. Nikayasema, hakuna aliyecheka wala aliyenifariji. Kwa mama nilipeleka gunia zima, siyo bei ya gunia, kwa sababu mwaka ule alipolitoa, mahindi yalikuwa rahisi na sasa yamepanda. Alilipokea, akauliza kama nimelipima, akalipima mwenyewe kwa debe mbele yangu. Alikuwa na haki.

Gitaa limepona. Fundi seremala alilichongea daraja jipya kwa kipande cha mpingo, mti huu wetu wa Namtumbo na Tunduru ambao wazungu hutengenezea klarineti, na sasa lina nyuzi za nailoni. Kwa mwenye gitaa la zamani nyumbani, tazama darajani. Ukikuta nyuzi zimefungwa fundo, usilitie chuma. Ukikuta zimebanwa na vipini vidogo vilivyozama kwenye mbao, hilo ni la chuma.

Kijana nilimfuata Songea, stendi. Alinisikiliza akiwa juu ya pikipiki, akasema, "Sawa, mwalimu," abiria akatokea, akaondoka naye. Kwaya imemwita mara kadhaa na hajarudi. Sioni sababu ya kumdai arudi.